Kabla ya Kuandika "It", Uliza Ngeli

Itazameni sentensi hii ya Kiingereza, ambayo kila neno lake ni jepesi: "Remove the lid from the bottle and wash it." Msomaji anaamriwa aondoe kifuniko kwenye chupa, kisha aoshe. Aoshe nini? Kifuniko au chupa? Sarufi ya Kiingereza haimwambii. Sasa tuiseme kwa Kiswahili. "Ondoa kifuniko kwenye chupa, kisha ukioshe": kinachooshwa ni kifuniko. "Ondoa kifuniko kwenye chupa, kisha uioshe": inayooshwa ni chupa. Silabi moja tu, ki au i, imemaliza ubishi ambao msomaji wa Kiingereza angeumaliza kwa kuuliza tena, au kwa kuviosha vyote viwili.

Washairi wenzangu mnaijua nguvu hiyo, maana mnaitumia kila siku. Mmoja akiandika "limenyauka" na mwingine akaandika "umebomoka", nao wote wawili wanazungumzia ua, hatuhitaji maelezo. La kwanza ni ua la bustani, na wa pili ni ua wa nyumba. Ngeli imetenganisha maneno ambayo sauti imeyafananisha. Ngeli pia humruhusu mtunzi kulificha jina kwa beti nzima na bado akatuachia uzi wa kuufuata. Akisema "kimeniponyoka", kisha "nilikienzi", kisha "hakirudi", tunajua kwamba tunatafuta kitu kimoja kilekile, na tunajua ni katika kundi gani la majina tukitafute.

Hoja yangu ni kwamba uwezo huo uliotulea ndio unaomponza mwanafunzi wetu anapoandika Kiingereza, na kwamba uwezo huohuo, ukitumiwa kwa makusudi, ndio dawa yake. Walimu wengi hatuutumii. Mwanafunzi hupewa jedwali la viwakilishi, "I, me, my, mine", akalikariri hadi akaliimba, kisha akaandika insha ambayo hakuna ajuaye nani amefanya nini. Tunamrudisha kwenye jedwali lilelile. Lakini jedwali analijua. Asichokijua ni kile kinachopotea njiani anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Tufuate safari hiyo hatua kwa hatua. Mwanafunzi ana picha kichwani: dereva ameweka kikapu juu ya meza, na meza imevunjika. Katika Kiswahili picha hiyo ni "ikavunjika", na kikapu hakiwezi kudai kitenzi hicho, kwa sababu kingetaka "kikavunjika". Anapoandika Kiingereza, ki, i, u na li zote zinaangukia katika neno moja, "it". Na vi, zi, ya na wa zote zinaangukia katika "they". Ni kama mtu aliyekuwa na mahindi, mtama na uwele, kila nafaka katika pishi yake, kisha akazimimina zote katika gunia moja. Anaandika: "The driver put the basket on the table and it broke." Msomaji anaelewa kuwa kikapu kimevunjika, au anabaki njia panda. Mwandishi naye, anapoisoma tena kazi yake, bado anaisikia i ya moyoni mwake. Haoni kosa, kwa sababu kwake halipo. Ndiyo maana kumwambia "andika kwa uangalifu" hakumsaidii hata kidogo.

Kinachomsaidia ni zoezi ambalo nalipendekeza kwa kila mwalimu wa Kiingereza anayefundisha watoto wanaokijua Kiswahili. Mwanafunzi akimaliza kuandika, achukue penseli na kuipitia kazi yake mara moja kwa ajili ya viwakilishi tu. Chini ya kila "it" na kila "they" aandike kiambishi ambacho angekitumia kama angekuwa anaandika Kiswahili: ki, i, li, u, vi, zi, ya, wa. Kisha arudi nyuma kidogo na kuhesabu: kabla ya "it" hiyo, yapo majina mangapi ya umoja ambayo Kiingereza kingeyaita "it"? Likiwa moja, aendelee. Yakiwa mawili au zaidi, na viambishi vyake vya Kiswahili vinatofautiana, basi amegundua mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kinambebea mzigo ambao Kiingereza hakitaubeba. Hapo akifute kiwakilishi na kuliandika jina lenyewe: "The driver put the basket on the table and the table broke."

Najua kuna atakayeguna: "table" mara mbili katika sentensi moja! Woga huo wa kurudia neno ndio chanzo cha pili cha ugonjwa huu, na sisi walimu ndio tuliousambaza. Tumewaambia wanafunzi kwamba kurudia neno ni umaskini wa msamiati, nao wametii kwa kutawanya "it", "this" na "they" kila mahali. Waingereza wenyewe walilipinga jambo hilo zamani. H. W. Fowler, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule kabla hajawa mtaalamu wa matumizi ya lugha, aliishambulia tabia ya kukwepa kurudia neno katika kitabu alichokiandika pamoja na ndugu yake mwaka 1906, "The King's English", na akairudia vita hiyo mwaka 1926 katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza. Kwake yeye, mwandishi anayehangaika kubadilisha maneno kwa hofu tu ya kurudia anamsumbua msomaji kuliko yule anayerudia kwa utulivu. Sisi tulio wa jadi ya kibwagizo tulipaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa. Kurudia kwenye sababu ni mpango, wala si upungufu.

Haki itendeke pande zote mbili, hata hivyo. Ngeli zetu nazo zina mahali pake pa giza, na mahali penyewe ni kwa watu. Binadamu wote, na wanyama pamoja nao, hukusanyika katika a na wa. Chukueni tukio la Lugalo, karibu na Iringa, Agosti 1891, ambapo Wahehe wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Mwanafunzi wa historia anaandika: "The Germans fought the Hehe at Lugalo in 1891 and they lost their commander." Nani alimpoteza kamanda? Tukiigeuza kwa Kiswahili, "Wajerumani walipigana na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891 na walimpoteza kamanda wao", bado hatujasogea, kwa kuwa wa ni ya wote wawili. Hapa zoezi la penseli linatoa jibu la namna nyingine: majina ni mawili, na kiambishi chake ni kimoja. Maana yake hakuna lugha kati ya hizo mbili itakayomwokoa mwandishi. Dawa ni ileile, kutaja jina: "and the Germans lost their commander."

Kiswahili kina giza lingine ambalo watu hulisahau, nalo ni hu ya mazoea. Kiambishi hicho hufukuza kiambishi cha ngeli. Ndicho tunachokitumia sana tunapoeleza mambo ya sayansi, ambayo kwa kawaida hutokea siku zote. "Mbu akimuuma mtu, huacha kimelea katika damu, kisha huenda kwenye ini." Anayekwenda kwenye ini ni nani? Tunajua ni kimelea kwa sababu tumesoma biolojia, sentensi haikutwambia. Mwanafunzi anayeifikiria hivyo huandika: "When the mosquito bites a person, it leaves the parasite in the blood and then it goes to the liver." Zipo "it" mbili, ya kwanza ni mbu na ya pili ni kimelea, na hakuna kinachozitenga. Mtahini hawezi kujua kama aliyeandika anaifahamu njia ya kimelea au anadhani mbu mwenyewe ndiye anayesafiri mwilini.

Nasisitiza mifano ya historia na biolojia kwa sababu hapo ndipo penye gharama. Katika nchi yetu ya Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi, kisha huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo mengi yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kuanzia siku hiyo hapimwi ujuzi wa historia peke yake. Anapimwa pia kama "they" yake inamwelekea Mjerumani au Mhehe. Mtahini hana ruhusa ya kuuliza, "Mwanangu, ulimaanisha nani?" Anasahihisha kilichoandikwa. Mtoto anayejua anaweza kupoteza alama zilezile anazopoteza mtoto asiyejua, na karatasi isionyeshe tofauti yao.

Kosa linalochekwa kuliko yote ni la "he" na "she". Mwanafunzi anaandika, "My mother is a nurse. He works at night," na darasa zima linaangua kicheko. Kicheko hicho si cha haki. Kitenzi cha Kiswahili hakimuulizi msemaji kama mtu anayemtaja ni mwanamume au mwanamke. "Anafanya kazi usiku" inatosha kwa wote. Mwanafunzi anajua fika kuwa mama yake ni mwanamke. Ila lugha yake haijamzoesha kulikumbuka jambo hilo katika kila kitenzi. Na kuna mtego mwingine ndani yake. Kimilikishi chetu hufuata kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, gari lake. Kimilikishi cha Kiingereza humfuata anayemiliki: "his book", "her book". Mtoto anayetafuta upatanisho mahali alipozoea kuupata, yaani kwenye kitabu, atakosa kila mara. Mwalimu akilieleza hilo kwa dakika tano, kwa Kiswahili, atakuwa amefanya kazi ambayo vicheko vya miaka minne haviwezi kuifanya.

Tena tukubali kwamba hapo Kiingereza kimetuzidi. "Juma alimwambia Amina kwamba mama yake amefika." Mama wa nani? Kiingereza kingelazimika kuchagua "his" au "her", na shaka ingekwisha. Lakini wakiwa Amina na Zuhura, wote wanawake, Kiingereza nacho kinaingia gizani: "Amina told Zuhura that her mother had arrived." Kwa ufupi, Kiswahili huvitenga vitu na kuwachanganya watu, ilhali Kiingereza huwatenga watu kwa jinsia na kuvichanganya vitu. Mwandishi wa lugha mbili anapaswa kujua ni wapi kila lugha inamwacha peke yake.

Kuna pia makosa ambayo hayatokani na kupungukiwa viwakilishi bali na kuvizidisha. "My father he went to town" ni "Baba yangu alikwenda mjini" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza. A ya kitenzi imedai nafasi yake na kupewa "he". "The book which I bought it" ni "kitabu nilichokinunua", ambamo cho na ki zote zina kazi. Katika lugha yetu huo ni upatanisho mzuri. Katika Kiingereza, kiwakilishi cha pili hakina kazi na hutolewa. Mwanafunzi akionyeshwa a na ki hizo kwa kidole, huelewa mara moja kwa nini mkono wake uliandika hivyo, na mtu aliyeielewa sababu ya kosa lake halirudii kwa urahisi.

Katika jambo moja desturi yetu ni bora kabisa, na ingefaa tuivuke nayo. Mwandishi wa Kiswahili sanifu mara nyingi hasemi "hii inaonyesha" akaishia hapo. Husema "hali hii inaonyesha", "uamuzi huu unaonyesha", "jambo hili linaonyesha". Anaweka jina. Lakini akiandika Kiingereza anaiga wengine na kuanza aya kwa "This shows", na msomaji anabaki kujiuliza kama "this" ni sentensi iliyopita, aya iliyopita au ukurasa mzima. Andikeni "This decision shows", "This delay shows". Jina moja tu baada ya "this" humlazimisha mwandishi aamue mwenyewe anazungumzia nini, na mara nyingi hugundua hapo kwamba alikuwa hajaamua.

Asije mtu akadhani Kiingereza kimezaliwa kikiwa na viwakilishi timamu na sisi tu ndio tunaokiharibu. Katika Kiingereza cha kale maneno ya "yeye mwanamume", "yeye mwanamke" na "wao" yote yalianza kwa sauti ya h, na katika sehemu kadhaa za nchi yakaja kufanana mno. Waingereza wa kaskazini, walioishi na wahamiaji kutoka Skandinavia, walichukua "they" kutoka lugha ya wageni hao, na polepole neno hilo likaenea nchi nzima. Yaani "they" yenyewe ni neno la kuazima. Baadaye wakaliacha neno "thou" katika mazungumzo ya kawaida, wakabaki na "you" ya mmoja na ya wengi, jambo ambalo sisi wenye wewe na ninyi hatulijui shida yake. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutamka kwamba maneno ya jinsia ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Bunge letu halingekuwa na haja hiyo kwa sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili, maana "mtu yeyote atakayevunja" ni yeyote kweli. Na "they" ya mtu mmoja, ambayo watu husema ni mtindo wa juzi, imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Kwa hiyo, "Someone has left their umbrella" isiwatishe. Ni "Mtu ameacha mwavuli wake", na ndiyo sentensi ya Kiingereza iliyo karibu sana na moyo wa Kiswahili.

Hapo ndipo neno langu kwa washairi na wafasiri wa mashairi linapoangukia. Mtunzi akiandika "kaja, kanena, katoka", ametuficha kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, na mara nyingi ametuficha kwa makusudi. Mfasiri anayeandika "she came" ameongeza habari ambayo mtunzi hakuitoa. Amefungua mlango ambao mwenye nyumba aliufunga. Atafute njia nyingine: atumie jina kama "my love", au "they", au aipange upya sentensi. Ushairi una ruhusa ya kufumba, na fumbo la mtunzi liheshimiwe. Maelezo ya dawa, mkataba wa nyumba, muhtasari wa kikao na jibu la mtihani havina ruhusa hiyo. Anayefumba katika shairi anajua anachokificha. Anayefumba katika mkataba kwa kawaida hajui kuwa amefumba, hadi siku ya kesi.

Najua pingamizi litakaloletwa. Shule nyingi zina ubao unaomwamuru mwanafunzi azungumze Kiingereza tu, na wapo watakaosema kuwa kuingiza ki na i katika kipindi cha Kiingereza ni kurudi nyuma. Naona kinyume chake. Mtoto haachi Kiswahili chake nje ya mlango wa darasa kwa sababu ya ubao. Huingia nacho, nacho hufanya kazi kimyakimya ndani ya kila sentensi anayoiandika. Tunachoweza kuchagua ni kama kitafanya kazi gizani na kuharibu, au mwangani na kujenga. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na mwanafunzi anayekatazwa kuitumia sarufi aijuayo kuielewa sarufi asiyoijua amekuwa mtumwa wa jedwali.

Basi, mwalimu utakayesoma haya, chukua insha tano za wiki hii. Usizisahihishe kwanza. Warudishie wenyewe, uwape penseli, na uwaambie waandike kiambishi cha Kiswahili chini ya kila "it" na kila "they". Wakisimama mahali na kukuuliza, "Mwalimu, hapa ni ki au ni i?", usiwajibu. Waambie kwamba hilo ndilo swali ambalo msomaji wao angeuliza, na kwamba jibu lake ni jina.